Zooplanktoni wa baharini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tukishuka gatini na wavu wetu, mrefu mweupe kama soksi ya jitu, lazima atokee mtu aulize, nyie mnavua nini na wavu ambao hata sindano haipiti? Basi nimeamua kuweka majibu sehemu moja maana mengine nimeshayarudia mpaka sauti imekauka. Nipo Unguja kwa hiyo mifano mingi itatoka huku, na ukiona nazungumzia sana kemia usishangae, ndo kazi yangu, na ndo upande wao ambao watu hawaujui kabisa.

Zooplanktoni ni nini hasa, ni wadudu?

Si wadudu, ingawa hata mimi nikichoka nawaita vijidudu. Ni wanyama wa majini wasioweza kushindana na mkondo, maji yakienda kaskazini nao wanaenda, yakirudi nao wanarudi. Neno plankton alilianzisha Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887, kalitoa kwenye Kigiriki, maana yake kutangatanga. Wale wanaotumia jua kujitengenezea chakula tunawaita fitoplanktoni, na hawa zooplanktoni ndo walaji wao, na wengine wanakulana wenyewe kwa wenyewe.

Watu wanadhani lazima kiwe kidogo. Hapana, konyeza mwenye upana wa sinia naye ni planktoni, anaogelea ndiyo lakini mkondo unamshinda. Na ule uduvi unaokaanga na vitunguu, kuna jamii zake ambazo maisha yao yote ni kuelea hivyohivyo, kwa hiyo usiseme hujawahi kula zooplanktoni.

Alafu kuna wa muda tu. Kaa, pweza, chaza, kamba kochi, matumbawe, karibu wote hawa walianzia huko. Pweza wa miamba yetu akianguliwa anaelea wiki kadhaa kabla hajashuka kutafuta shimo. Kaa mchanga ana mwiba mrefu mgongoni na macho makubwa kupita kiasi, ukimwonyesha mtu kwenye hadubini anakataa katakata kwamba hicho ndo kitakuja kuwa kaa.

Mbona nikichota maji naona masafi tu?

Kwa sababu umechota ndoo moja na wengi wao wana milimita moja au chini ya hapo na miili yao inapitisha mwanga kama kioo. Sisi tunavuta wavu wa matundu ya mikroni 200, yaani moja ya tano ya milimita, unachuja maji mengi sana mpaka mwisho kwenye kichupa cha chini unabaki na kitu kama uji mwepesi wa rangi ya chai ya maziwa. Uinue juani ukitulia, uji wote unatembea. Vitu vinaruka kama mchele unaotupwa kwenye ungo, vingine vinazunguka polepole, na kuna mmoja mwembamba kama uzi wa nailoni ametulia tuli halafu ghafla, pyaa, kamkamata jirani yake.

Wanaoruka ni kopepodi, ndugu wa mbali wa kamba. Kwenye sampuli za kawaida ndo wengi kuliko wote, mara nyingi zaidi ya nusu. Kopepodi anapita hatua 12 kutoka kutotolewa mpaka utu uzima, maana yake anavua gamba mara 11, na akishtushwa anaruka kwa spidi ya mamia ya urefu wa mwili wake kwa sekunde. Huyo mwembamba kama uzi anaitwa mnyoo mshale. Kinachonifurahisha kwake ni kwamba anatumia sumu ya tetrodotoksini, ileile ya bunju inayoua watu. Bunju hujamgusa, umekaa gatini na kichupa mkononi, na sumu yake unayo humo ndani.

Kwa nini wengine ni wa bluu? Mnatia rangi?

Hatutii kitu. Hili swali nalipenda maana jibu lake lipo jikoni kwako. Kamba kochi mbichi anakuwa na rangi ya kijani au bluu iliyofifia, ukimchemsha anageuka mwekundu, si ndiyo? Ile nyekundu haikuingia na maji ya moto, ilikuwemo. Inaitwa astaksanthini, imefungwa ndani ya protini, na ikifungwa hivyo inaonekana bluu. Moto unaivunja protini, rangi inaachiwa, kamba anakuwa mwekundu.

Kopepodi wanaoishi juu kabisa ya maji ya bahari za joto wanatumia ujanja huohuo, wamejaa astaksanthini iliyofungwa kwenye protini. Bluu inawaficha kwenye maji ya bluu, na rangi hiyo inawasaidia dhidi ya madhara ya jua kali. Wenyewe hawawezi kuianzisha kutoka sifuri, wanapata malighafi kwenye fitoplanktoni halafu wanaibadilisha mwilini. Ndo kisa kilekile cha heroe wa ziwa Natron, weupe wao unageuka waridi kwa chakula wanachokula.

Usiku maji yanawaka, ni majini?

Wazee walikuwa na majibu yao na sitabishana nao hapa. Kikemia ni hivi: kuna molekuli inaitwa lusiferini, ikikutana na oksijeni kwa msaada wa enzaimu inayoitwa lusiferasi inatoa mwanga, na karibu hamna joto lolote linalotoka, ndo maana hauungui. Wanaowaka ni wengi, viumbe vya seli moja, kopepodi wengine, konyeza, na wale wadogo wenye magamba mawili kama kunde. Kila jamii imelipata hili kwa njia yake. Kopepodi mwingine hatoi mwanga mwilini, anatema dawa nje, adui anashangaa ule moto na yeye keshaondoka.

Ndugu zetu walioko Maskati wanaona kitu kikubwa zaidi. Huko bahari ya Oman na ya Arabuni, miezi ya baridi, kuna Noktiluka wanaoongezeka mpaka maji yanakuwa ya kijani mchana, na usiku kila wimbi linapasuka bluu. Noktiluka ni seli moja tu lakini unaiona kwa macho, kama tone dogo, na wa huko wamefuga mwani wa kijani ndani ya mwili wao kabisa. Wanaelea kwa kuhifadhi amonia ndani. Pazuri kwa picha, ila wakizidi na kufa kwa pamoja wanaweza kumaliza oksijeni ya maji na samaki wakapata taabu.

Ile harufu ya bahari ni chumvi?

Chumvi haina harufu, jaribu kunusa ya jikoni. Sehemu kubwa ya unachonusa ni gesi ya salfa inaitwa daimethili salfaidi. Fitoplanktoni wana kitu chenye salfa ndani ya seli zao, kinawasaidia kukabiliana na chumvi ya maji, sasa kopepodi akija akaitafuna ile seli kinamwagika, na bakteria na enzaimu wanakigeuza gesi. Kwa hiyo harufu hiyo mara nyingi inamaanisha kuna watu wanakula huko. Kuna ndege wa bahari kuu wanaifuata, wakiinusa wanajua chakula kipo.

Na fitoplanktoni nao hawakai kimya kuliwa. Kopepodi wanaacha majini mafuta maalum yanayoitwa kopepodamaidi, na kuna mwani ambao ukiyahisi tu, hata kopepodi mwenyewe hajafika, unaanza kuongeza sumu yake. Sumu hiyo ndo inayoweza kukaa kwenye chaza na kombe na kumdhuru mlaji. Yaani ugomvi wa vitu viwili usivyoviona unaishia kwenye sahani yako.

Dagaa wanafuata taa kwa nini?

Hapa wavuvi wanajua zaidi yangu, mimi naongeza sababu tu. Kila siku, jua likizama, zooplanktoni wengi wanapanda kutoka kina cha chini kuja kula juu, alfajiri wanashuka kujificha gizani wasionekane na samaki. Ukihesabu kwa uzito ndo msafara mkubwa kuliko wote wa wanyama duniani, na unafanyika kila siku. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wamarekani walikuwa wanapiga sauti majini kutafuta manowari, wakapata kitu kama sakafu ya uongo kinachopanda usiku na kushuka mchana, wakachanganyikiwa. Kumbe ni hawa, pamoja na samaki wadogo wanaowafuata.

Sasa mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita, pa kushuka papo pa kutosha. Mlango wa Unguja ni kina kifupi, mita 30 au 40 sehemu nyingi, huko hawana pa kwenda mbali. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza la mwezi, wanawasha taa, zamani karabai siku hizi za betri, vijidudu vinasogea kwenye mwanga, dagaa anavifuata, wavu unafungwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa inakosa nguvu maana bahari nzima imewaka, ndo maana siku hizo unaona mitumbwi imelala.

Dagaa mcheli anaokaushwa Unguja anasafiri mpaka Kongo. Mtu wa Lubumbashi anakula, bila kujua, kopepodi wa mlango wa Zanzibar.

Hiyo omega-3 inayosifiwa inatoka kwa samaki?

Inapita kwa samaki. Wanaoitengeneza hasa ni fitoplanktoni, kopepodi anaikusanya, dagaa anakula kopepodi, na wewe unakula dagaa.

Kopepodi wa bahari za baridi huko kaskazini ya dunia anaweza kuwa na mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu, na mengi ni nta, si mafuta ya kawaida. Anayo kwenye kifuko kirefu mgongoni, ukimwangalia unaona kama tone la dhahabu. Anakula majira mafupi ya jua halafu anashuka chini sana kulala miezi. Ile nta inabanwa na uzito wa maji kuliko maji yenyewe yanavyobanwa, kwa hiyo akishafika chini inamsaidia asielee kurudi juu. Sisi huku chakula kipo mwaka mzima, kidogokidogo, kwa hiyo kopepodi wetu wengi hawana haja ya kunenepa hivyo.

Ila kuna mmoja, Calanoides, wa upande wa Somalia na Oman. Kipindi cha kaskazi amelala mamia ya mita chini, na nta yake. Kusi ikianza, upepo unasukuma maji ya juu na ya chini yenye baridi na mbolea yanapanda, na yeye anapanda nayo, anakuta karamu, anazaa haraka. Kusi ileile inayofunga safari za mashua kwetu.

Kwa hiyo na huku kwetu kusi ndo msimu wao?

Usichukue ya Somalia ukaileta Unguja. Mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini umetoka bahari kuu, maji yake ni masafi ya bluu na mbolea yake ndogo, na kusi unakwenda kasi zaidi. Kaskazi unapungua nguvu, bahari inatulia na kupata joto. Hapo ndo unaona ile kitu kama vumbi la mbao juu ya maji, watu wanadhani meli imemwaga uchafu. Ni Trikodesmiamu, jamii ya bakteria inayotumia jua kama mmea na inayoweza kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea, kama kunde zinavyofanya shambani. Wanyama wengi hawaitaki, ina sumu. Lakini kuna kopepodi mmoja mwembamba anaishi juu yake kama kwenye mtumbwi, anaila, anazaa hapohapo, na mkojo wake wa amonia unalisha mimea mingine.

Mvua nayo ina mchango, Rufiji ikijaa inaleta virutubisho na tope mpaka njia ya Mafia.

Potwe wa Mafia anakula nini, mbona mkubwa hivyo hana meno ya maana?

Papa potwe, Wakenya wanamwita papa shilingi, anakula hawahawa. Pale karibu na Kilindoni watafiti waliangalia anapomeza, wakakuta maji yamejaa kijikamba kimoja chembamba kama kipande cha uzi, kinaitwa Lusifa, ndiyo, jina lake ni hilo na halina uhusiano na unachofikiria, maana yake mbeba mwanga. Msimu mzuri wa kumwona ni Oktoba mpaka Machi hivi. Zamani ilidhaniwa baada ya hapo anahama, wakamfunga vifaa vya kufuatilia wakakuta wengi bado wapo, wamesogea tu nje kidogo na chini zaidi ambako watu hawawaoni. Wavuvi wa dagaa wanamkuta palepale wanapovua kwa sababu dagaa na potwe wanagombea sahani moja.

Kinyesi chao kina umuhimu gani? (Hili huulizwa kwa kicheko)

Cheka tu. Mimea ya baharini inachukua kaboni ya hewani, kopepodi anaila, anatoa kinyesi kilichofungwa ndani ya kifuko kama pipi kwenye karatasi, kinazama makumi hadi mamia ya mita kwa siku. Wanyama wa utelezi wanaoitwa salpa, chao kinaweza kuzama karibu kilomita moja kwa siku. Ukijumlisha kinyesi, maiti na magamba yanayozama, makadirio ni tani bilioni 5 mpaka 12 za kaboni zinazotoka juu kila mwaka. Kingi kinaliwa njiani, sehemu ndogo inafika sakafuni, na hiyo inakaa muda mrefu sana.

Bahari inakuwa asidi kweli? Mbona siuoni ukali?

Hutauona kwa ulimi. Tangu zama za viwanda pH ya maji ya juu, kipimo ambacho namba ikishuka asidi inapanda, imeshuka kutoka 8.2 hivi mpaka 8.1. Inaonekana ndogo, lakini kipimo cha pH hakipandi kama rula, hapo ayoni za haidrojeni zimeongezeka karibu asilimia 30. Bado si asidi, ni kusogea kuelekea huko.

Mimi nililielewa hili kwa kuharibu kazi. Nilikuwa mgeni kwenye fani, nikakusanya sampuli za wiki nzima, humo mna konokono wanaoelea, wadogo kama punje ya ulezi, magamba yao ya kioo kabisa, wana mbawa mbili wanapigapiga kama vipepeo. Nikazihifadhi kwenye formalini, nikapanga kabatini, nikaenda likizo. Formalini ikikaa inatengeneza asidi taratibu, na ukiwa na akili unaweka boraksi kidogo kuituliza. Sikuweka. Narudi, nafungua, konokono wapo, magamba hayapo! Nyama tupu zimejikunja chini ya kichupa kama makamasi, na kwenye daftari langu nilishaandika magamba mazima. Mwalimu hakufoka, akasema tu, sasa umeona.

Magamba yao ni chokaa ya aina inaitwa aragonaiti, inayeyuka kirahisi kuliko chokaa ya kawaida, kwa hiyo hawa ndo wanaotangulia kuumia. Kwenye bahari ya kusini karibu na Antaktika wameshakutwa hai na magamba yaliyoanza kulika.

Ni kweli wanabeba kipindupindu?

Baadhi, kwenye maji ya mdomo wa mito, ghuba na madimbwi yenye chumvi kidogo. Gamba la kopepodi limetengenezwa kwa kaitini, na bakteria wa kipindupindu anapenda kujishika kwenye kaitini na kuila. Kopepodi mmoja anaweza kubeba bakteria wengi. Bangladesh walijaribu kitu rahisi, akina mama wakachuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, ugonjwa ukapungua kwa asilimia 48, matokeo yalitoka mwaka 2003. Kuukuu, maana nguo ikichakaa nyuzi zinafumuka na matundu yanabanana zaidi. Ukifikiria kanga ya bibi hujakosea. Lakini kanga haiui bakteria walioko huru kwenye maji, chemsha au tia dawa, kuchuja ni kwa siku huna njia nyingine.

Konyeza kaniuma, nifanye nini?

Toka majini kwanza. Usisugue na mchanga wala usimwagie maji ya bomba, vile vishale vya sumu ambavyo bado havijafyatuka vitafyatuka. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kibano, halafu maji ya moto ya kuvumilika yanatuliza maumivu. Siki inafaa kwa konyeza wa sanduku, kwa wengine inaweza kuchochea, kwa hiyo kama hujui ni nani aliyekuuma usikimbilie. Kifua kikibana au pumzi ikisumbua ni hospitali.

Zebaki na plastiki je?

Kiwango cha zebaki ya aina mbaya kinapanda mara nyingi sana inapotoka kwenye maji kuingia kwenye fitoplanktoni, hiyo ndo hatua kubwa kuliko zote, baadaye inapanda ngazi: kopepodi, dagaa, jodari, papa. Dagaa yupo ngazi ya chini na anaishi muda mfupi, ndo maana mjamzito anaambiwa bora dagaa kuliko papa. Plastiki ndogondogo kopepodi anaimeza, imeshaonekana wazi maabara, ikimjaa anakula kidogo. Kwenye sampuli zangu nyuzi za plastiki za rangi, nadhani za kamba na nguo, si kitu cha kunishangaza tena.

Naweza kuwaona mwenyewe bila maabara?

Unaweza. Chukua soksi ndefu ya nailoni ya kike, kata kidoleni, funga kichupa kidogo pale, mdomoni tia duara la waya na kamba tatu. Ivute taratibu pembeni ya gati dakika tano, na uende baada ya magharibi maana mchana utapata wachache. Mimina kwenye glasi, iweke kwenye karatasi nyeusi, washa tochi ya simu ubavuni, wengi watakimbilia upande wa mwanga na utawaona wakirukaruka. Wanafunzi niliowaonyesha hivi huwa wananyamaza ghafla, kelele zote kwisha.

Usiwaache juani na usikae nao zaidi ya nusu saa hivi, glasi ikipata joto oksijeni inapungua na wao wanaanza kuzama mmojammoja. Warudishe palepale ulipowatoa. Ila ukimwona wa bluu, piga picha kwanza.